MNADA UWE MLANGO WA MWISHO



Katika kurasa za nyuma za magazeti yetu huchapwa kila mara orodha ndefu ya nyumba na viwanja vitakavyouzwa kwa nyundo. Herufi zake ni ndogo, lugha yake ni ya mawakili, na mtu asiyehusika huigeuza upesi akatafuta habari za kandanda. Sisi tumeanza kuisoma kama tunavyosoma matangazo ya vifo. Ruiru, Juja, Thika, Kikuyu: majina ya miji ya Kiambu hayakosekani humo. Nyuma ya kila nambari ya kiwanja pana jiko lililokuwa likiwaka, pana watoto waliokwisha kuzoea njia ya shule, na huenda pana mtu ambaye Jumapili huketi nasi benchi moja asitamke neno.

Hatujasahau yaliyompata mzee mmoja wa ushirika wetu. Alikopa ili amalize nyumba yake. Kazi ikaisha kabla ya deni kuisha. Barua za mkopeshaji zilipofika, alizifungia sandukuni. Mkewe, ambaye alikuwa ametia sahihi ya kukubali nyumba iwekwe rehani, hakuziona hata moja, kwa sababu nakala zilizomhusu zilitumwa kwa sanduku lile lile la posta ambalo ufunguo wake alikuwa nao mumewe. Hata hivyo mzee hakukaa bure. Alitafuta mnunuzi, akampata, akaenda kwa mkopeshaji na barua ya mnunuzi huyo mkononi. Akaambiwa kwamba faili limekwisha kwenda kwa dalali, na asumbukane na dalali. Sisi tulipata habari siku tangazo lilipobandikwa langoni. Tukaitisha harambee kwa haraka, nayo fedha ikakamilika siku tisa baada ya nyundo kuanguka.

Mzee alikosa kwa kunyamaza, nasi tulikosa kwa kutouliza. Lakini mkopeshaji yule, ambaye hatumtaji kwa jina kwa kuwa mwenendo wake si wake peke yake, alikosa zaidi. Alioneshwa njia ya kulipwa haki yake bila kumvunjia mtu nyumba, naye akaikataa kwa sababu ilimtaka afungue faili mara ya pili.

Hili ndilo tunalolishtaki. Hatusemi kwamba deni lisilipwe. Tunasema kwamba mnada, ambao sheria imeuweka miongoni mwa njia kadhaa, umefanywa kuwa njia ya pekee, na kwamba miezi ambayo sheria ilimpa mwenye nyumba apate kujiokoa inapotea kwa hofu, kwa aibu na kwa kutojua.

Tuitazame sheria yenyewe, maana haki isiyojulikana ni kama shamba lisilo na mpaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka wa 2012 haimruhusu mkopeshaji kuamka asubuhi akauza. Mdaiwa akishindwa kulipa, na kushindwa huko kukaendelea mwezi mmoja, ndipo anapoweza kupelekewa ilani ya kwanza, ambayo lazima impe muda usiopungua miezi mitatu ili alipe malimbikizo. Muda huo ukipita, yatakiwa ilani nyingine, ya kusudio la kuuza, yenye siku zisizopungua 40. Na nakala yake yapasa kumfikia mume au mke aliyekubali rehani, mpangaji, na mdhamini pia. Kanuni za madalali za mwaka wa 1997 nazo zinamtaka dalali atoe siku 45 za kukomboa mali, kisha atangaze gazetini, na asiuze kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza. Ndugu msomaji, hesabu mwenyewe: tangu awamu ya kwanza kukosekana mpaka siku ya nyundo, haiwezi kuwa chini ya miezi mitano. Katika miezi mitano mtu huweza kuvuna mahindi. Kwa nini asiweze kuokoa nyumba?

Sheria hiyo hiyo inasema mkopeshaji aweza kuuza kwa mnada wa hadhara, au kwa mapatano ya faragha na mnunuzi kwa bei ya soko. Inamlazimu atafute bei iliyo bora kadiri inavyowezekana, na kabla ya kuuza lazima mthamini awe ameipima mali. Bei ikiwa chini ya thamani ya soko kwa robo nzima au zaidi, sheria huchukulia kwamba wajibu umevunjwa mpaka mkopeshaji athibitishe vinginevyo, na mdaiwa aweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Tena sheria yaongeza kwamba upungufu ulio chini ya robo si ushahidi wa uadilifu.

Tuchukue mfano. Nyumba ina thamani ya shilingi milioni 8, na deni ni milioni 5. Mwenye nyumba akiiuza kwa utulivu, mnunuzi akaikagua vyumba vyote, akatoa milioni 7 na nusu, mkopeshaji hulipwa chake chote na familia hubaki na milioni 2 na nusu za kuanzia upya. Nyumba hiyo hiyo ikienda kwa nyundo ikapata milioni 6 na laki moja, upungufu wake haukufika robo, na wengi watasema yote ni halali. Lakini toa deni, toa riba ya miezi iliyopotea, toa ujira wa dalali, toa ada ya mawakili: familia itatoka na kitu gani ila magodoro yake?

Na ikiwa deni limekwisha kuipita thamani ya nyumba? Hapo ndipo haja ya mapatano ni kubwa zaidi. Deni likiwa milioni 9 na nyumba ikauzwa kwa makubaliano kwa milioni 7 na nusu, yabaki milioni 1 na nusu. Ikiuzwa kwa nyundo kwa milioni 6, yabaki milioni 3 kabla ya gharama, na baki hilo humfuata mdaiwa hata katika chumba cha kupanga. Kwa hiyo atakayeuza kwa njia hii asiridhike na ahadi ya mdomo. Adai maandishi yanayosema iwapo baki limesamehewa au litalipwa kwa awamu zipi. Maneno ya afisa wa mikopo hayana mhuri.

Tutaulizwa kwa nini watu wakope wasiloweza kulipa. Tunajibu kwamba wengi walikopa walichoweza, kisha riba ikabadilishwa wakiwa njiani. Historia tunayo. Mwaka wa 1993, taifa lilipokuwa likinyonywa na kashfa ya Goldenberg, riba ya hati za hazina za serikali ilipita asilimia 70, na mwenye mkopo wa nyumba akalipia uporaji ambao hakuushiriki. Mwaka wa 2000 Bunge lilipitisha mswada wa Joe Donde, Mbunge wa Gem, wa kuwekea riba mpaka. Mabenki yakaenda mahakamani, nao haukupata kutekelezwa. Mpaka mwingine uliwekwa mwaka wa 2016, ukaondolewa Novemba 2019. Na twakiri kwamba katika miaka hiyo wadogo wengi walinyimwa mikopo. Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13. Mwishoni mwa mwaka huo, zaidi ya asilimia 16 ya mikopo yote ya mabenki ilikuwa haipokei malipo yapasavyo. Je, hao wote ni wavivu?

Lakini hata hapo mdaiwa hakuachwa bila ngao. Tangu mwaka wa 2007, Sheria ya Mabenki inakataza benki kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwa limebaki siku mkopo ulipoharibika. Na mnamo Juni 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba benki haiwezi kupandisha riba bila kibali cha Waziri wa Fedha. Ni wadaiwa wangapi wa Kiambu waliowahi kuuliza kibali hicho kiko wapi?

Tutaambiwa pia kwamba fedha za benki ni akiba za watu, na fedha za Sacco ni jasho la majirani. Ni kweli, na tunawaheshimu wenye akiba kwa kuwa ndio sisi. Ndiyo sababu tunakasirika! Nyumba ya milioni 8 inapotupwa kwa bei ya hasara, akiba ya mwananchi hailindwi. Anayefaidika ni mnunuzi mwenye fedha taslimu, ajuaye siku ya mnada kabla ya jirani wa mlango wa pili kuijua. Mwenye akiba na mwenye nyumba wote hushindwa pamoja.

Wasomaji wetu wa Biblia wanakumbuka kwamba Nehemia, aliposikia kilio cha watu walioweka rehani mashamba na nyumba zao, hakuwahubiria subira. Aliwaita wakuu na wakopeshaji mbele ya mkutano, akawataka warudishe. Nasi hatuombi muujiza. Tunadai mambo manne.

Kwanza, Bunge liifanyie Sheria ya Ardhi marekebisho, ili mkopeshaji asiweze kumwita dalali kabla ya kumpa mwenye nyumba nafasi iliyoandikwa ya kuuza mwenyewe kwa bei ya soko. Na akimkataa mnunuzi aliyeletwa, aandike sababu.

Pili, ilani ya mume au mke ipelekwe mkononi mwake, kwa lugha anayoielewa. Sahihi ilichukuliwa kwake ana kwa ana. Habari ya hatari nayo imfikie ana kwa ana.

Tatu, Serikali ya Kaunti ya Kiambu, ingawa haina mamlaka juu ya mabenki, itimize lililo lake. Nyumba haihamishwi bila cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi ya kaunti. Mwenye nyumba aliye chini ya ilani atolewe cheti hicho kwa siku chache, na malimbikizo yake yakatwe katika bei ya mauzo. Mnunuzi hangoji miezi, na nyundo haingoji hata kidogo.

Nne, makanisa na vyama vya ushirika vifungue dawati la ushauri, penye wakili mmoja na mhasibu mmoja, hata kama ni Jumamosi moja kwa mwezi.

Nawe, ndugu uliye na barua sandukuni, itoe leo. Iangalie tarehe yake na uhesabu siku ulizo nazo. Mwoneshe mwenzako. Nenda kwa mkopeshaji kabla hajakuita. Omba muda urefushwe au awamu zipunguzwe, na uombe kwa maandishi. Ikiwa nyumba haiwezi kubaki, iuze wewe mwenyewe kungali mapema. Ikiwa hesabu yao haikuingii akilini, au ilani haikukufikia, mahakama ina uwezo wa kukupa nafuu. Na kwa nyumba ya ndoa ina uwezo wa kuyafungua upya masharti ya rehani yenyewe. Lakini iendee kabla ya mnada, maana nyundo ikishaanguka, haki ya kukomboa huwa imekwisha, na mara nyingi hubaki kudai fidia tu.

Desemba 1991, kifungu cha 2A kilipofutwa katika Katiba, kulikuwa na waliosema kwamba vyama vingi ni anasa ya wasomi. Tulijibu wakati huo, na tunajibu tena, kwamba uhuru wa kusema hauna maana kwa mtu anayeogopa kusema anadaiwa. Katiba ya mwaka wa 2010 imeandika katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Haki hiyo haitalindwa na karatasi. Jumapili hii, ibada ikiisha, usikimbilie matatu. Mtafute yule ambaye siku hizi huketi nyuma na kuondoka kabla ya matangazo, umwulize habari za nyumbani, nawe ungoje mpaka ajibu.