Apdeti za simu zinavyokula bando la familia, na namna ya kuzidhibiti

Kaa nusu saa kwenye foleni ya kliniki ya mama na mtoto hapa Tabora, na kabla mwanao hajafika kwenye mizani utakuwa umesikia habari za simu. Bando la wiki limeisha siku ya tatu na mwenye nalo hajaangalia hata video moja. WhatsApp imebadilika tena, vitufe vilivyokuwa juu sasa viko chini. Simu inaandika kwamba nafasi imejaa, kwa hiyo mama anakaa anafuta picha za mwanawe moja baada ya nyingine ili programu ipate pa kukaa.

Wataalamu wa kompyuta wengi huyaona malalamiko haya kama uvivu wa kujifunza. Mimi naandika habari za afya, na kwangu ni suala la familia. Simu ya mama au baba siku hizi ndiyo yenye picha ya kadi ya kliniki, namba ya muuguzi, kundi la wazazi wa darasa la kwanza na pesa ya nauli ya hospitali. Ikigoma, nyumba nzima inayumba.

Hasira zina sababu

Sababu ya kwanza ni pesa. Toleo jipya la programu moja kubwa linaweza kula makumi ya MB, na mengine hupita 100. Simu ya kawaida ina programu nyingi, na baadhi hutoa toleo jipya karibu kila wiki. Kwa mwenye Wi-Fi ya ofisini hilo si kitu. Kwa mama anayeuza mihogo Ng'ambo na kununua bando la siku, ni sehemu ya faida yake. Tunakumbuka Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilipoanza kutumika, wananchi walilalamika hadi ikaagizwa zirudishwe za zamani. Apdeti hula bando hilohilo, ila kimyakimya, na hakuna anayejua amlalamikie nani.

Sababu ya pili ni nafasi. Programu nyingi hunenepa kadiri zinavyosasishwa, lakini simu ya GB 16 uliyonunua miaka minne iliyopita haikui. Kinachopisha ni picha na sauti za watu wako.

Ya tatu ni kubadilishiwa bila kuulizwa. Mwaka 2024 WhatsApp ilihamisha vitufe vyake kwenye simu za Android kutoka juu kwenda chini. Lilikuja pia duara la akili mnemba la Meta, lililosambazwa katika nchi nyingi bila kitufe cha kuliondoa. Kijana huzoea kwa siku moja. Bibi aliyefundishwa na mjukuu kwa kukariri kwamba hapa ndipo pa kubonyeza, akiamka akakuta pamehama, anaanza shule upya. Wengine huacha kabisa kupiga, wakasubiri kupigiwa.

Mji wetu umekuzwa na misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi waliotoka Unyanyembe kwenda pwani walibeba karibu kilo 30 kila mmoja, lakini uzito na ujira vilijadiliwa, na mzigo ulipozidi waliugomea. Mwenye simu hapewi nafasi hiyo. Mzigo unaongezwa akiwa njiani.

Usizime zote

Pamoja na hayo, kuzikataa apdeti zote ni hatari. Mei 2019 WhatsApp ilitangaza kuwa imegundua tundu lililowawezesha wadukuzi kupenyeza programu ya kijasusi kwa kumpigia mtu simu ya WhatsApp, hata asipopokea. Tiba yake ilikuwa apdeti, na watumiaji wote, wakati huo bilioni 1.5, walihimizwa kusasisha.

Apdeti ya usalama inafanana na chanjo. Inasumbua kidogo, huoni inafanya nini, na faida yake ni ugonjwa ambao haukutokea. Tatizo ni kwamba kampuni hufunga chanjo na mapambo katika kifurushi kimoja. Mtu akichoshwa na rangi mpya na vitufe vinavyohama, anakataa na kinga iliyomo humo. Hapo lawama ni za kampuni zaidi kuliko za mzazi.

Hatari kubwa zaidi ni kukimbilia njia za mkato. Wengi wanatumia WhatsApp GB na ndugu zake. Hizo hazitoki kwa mwenye WhatsApp, hazipatikani Play Store, na apdeti zake huja kwa linki ambazo hujui aliyeziandaa. Wenye WhatsApp wenyewe huzifungia akaunti zinazotumia programu hizo. Mwaka 2021 ilisambaa pia linki iliyoahidi WhatsApp ya rangi ya pinki, kumbe ilikuwa mtego. Kumbuka kanuni moja: apdeti ya kweli haiji kwa ujumbe wa kundi, hata kama aliyeutuma ni shemeji yako.

Ukinunua simu ya mkononi kwa mtu

Wengi wetu tunanunua simu zilizokwishatumika, au tunamrithisha shangazi wa Sikonge simu yetu ya zamani. Angalia kwanza Mipangilio, kisha Kuhusu Simu, uone ni Android toleo la ngapi. Kuanzia Oktoba 24, 2023, WhatsApp ilianza kuhitaji Android 5.0 au zaidi. Simu za vitufe zinazotumia KaiOS, maarufu kama kitochi janja, zilizuiwa kupakua WhatsApp upya kuanzia Juni 25, 2024, na mapema 2025 huduma hiyo ikakoma kabisa kwenye simu hizo. Simu inaweza kuwa nzima, chaji inakaa, kioo hakina ufa, na bado isikufikishe kwa watu wako. Uliza kabla hujatoa pesa.

Fanya hivi nyumbani

Fungua Play Store, gusa picha yako juu, ingia Mipangilio, halafu Mapendeleo ya mtandao. Kwenye kusasisha programu kiotomatiki chagua kupitia Wi-Fi pekee. Hapo apdeti za programu hazitagusa bando lako bila wewe kujua.

Lakini usiishie hapo, maana usipokuwa na Wi-Fi hutasasisha milele. Panga siku moja kwa mwezi, labda ukiwa na bando kubwa au umemtembelea ndugu mwenye Wi-Fi. Sasisha kwanza zinazogusa pesa na mawasiliano: programu ya benki, ya pesa za simu, WhatsApp na kivinjari. Michezo na vihariri vya picha visubiri. Programu ambayo hujaifungua kwa miezi mitatu, iondoe.

Ili kupata nafasi, ingia WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, kisha Dhibiti hifadhi. Utaona makundi yanayokula nafasi kubwa. Futa video za vichekesho kwanza. Picha za mtoto zihamishie kwenye memori kadi au kompyuta ya mtu unayemwamini kabla hujafuta chochote.

Kama mtoto hutumia simu yako, mweleze kwamba maneno "ruhusu" na "kubali" yanabonyezwa na mtu mzima. Baada ya apdeti, programu inaweza kuomba kipaza sauti, kamera au mahali ulipo. Mchezo wa kupanga matofali hauna kazi na kipaza sauti chako.

Na mzee wa nyumbani akibadilikiwa na simu, kaa naye dakika kumi. Muache abonyeze mwenyewe, mara tatu. Ukimbonyezea wewe, kesho atapotea tena.

Afya isisubiri apdeti

La mwisho ndilo la uzito zaidi. Huduma zinazookoa maisha nchini hazihitaji simu janja. Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilifikisha ushauri kwa wajawazito kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, hutumia namba 115, bila malipo, kumtafutia usafiri wa dharura mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga. Ushauri wa afya kutoka Wizara ya Afya unapatikana kwa 199, pia bure. Pesa za simu nazo bado hutoka kwa menyu ya nyota na reli, hata intaneti ikikatika.

Kwa hiyo ziandike 115 na 199 kwenye karatasi, pamoja na namba ya kituo chako cha afya, ya mwenye bajaji wa karibu na ya jirani mmoja, ubandike ukutani. Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, huo si muda wa kuandika kwenye kundi na kusubiri tiki mbili za bluu. Piga simu, au mbebe uende kituoni mara moja. Mwaka huu WhatsApp inaweza kubadilika tena mara kadhaa, lakini karatasi ya ukutani utaibadilisha pale tu mwenye bajaji atakapobadili namba.