Nani Kasema Kompyuta Hizi Zimechakaa?

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama kwa Windows 10. Kwa uamuzi huo mmoja uliofanywa Marekani, kompyuta nyingi zinazowaka, zinazoandika na zinazochapisha bila shida ziligeuka "chakavu". Windows 11 inadai prosesa za karibuni pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti hayo. Maofisini kwetu uamuzi huo umepokelewa kwa utii ambao hata waraka wa Katibu Mkuu haupati. Kila ninakopita nasikia sentensi ile ile: hizi hazifai tena, tuombe fungu tununue mpya.

Hoja hiyo ni dhaifu, na wanaoilipia ni wanafunzi.

Nachukua mfano wa Dakawa, wilayani Mvomero, kandokando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Mwaka 1982 Serikali yetu ilikitoa kipande cha ardhi hapo kwa chama cha ANC cha Afrika Kusini, ambacho tayari kilikuwa na shule ya Solomon Mahlangu kule Mazimbu. Wakimbizi wa kisiasa wakajenga makazi, na miongoni mwa mambo waliyoyapa uzito ni mafunzo ya ufundi, kwa kuwa walijiandaa kurudi kuijenga nchi yao. Mwaka 1992 wakatukabidhi Mazimbu na Dakawa pamoja na majengo yake. Hadi leo Dakawa ina chuo cha VETA. Ni mahali ambapo neno "fundi" halikupaswa kuwa geni masikioni mwa mtu yeyote mwenye mamlaka.

Lakini Dakawa ya leo ni ya mpunga, na mazingira ya mpunga si rafiki wa kompyuta. Kuna vumbi, kuna pumba zinazopeperuka kutoka mashineni, kuna joto la bonde la Mto Wami, na kuna umeme unaokatika kisha kurudi kwa kishindo. Yeyote aliyewahi kufungua kompyuta ya mezani iliyokaa miaka kumi katika shule ya eneo kama hilo anajua anachokikuta: vumbi limeganda kama sufi juu ya feni, sisimizi wamehamia ndani ya pawasaplai, na pengine mjusi aliyekufa zamani. Mashine inawaka dakika tano kisha inajizima. Kwenye daftari la stoo inaandikwa "mbovu". Ukweli ni kwamba prosesa imepata joto kupita kiasi na imejizima ili isiungue, yaani inafanya kazi kama ilivyobuniwa. Inahitaji kupulizwa vumbi, kufutwa ile dawa iliyokauka kati ya prosesa na chuma cha kupoozea, na kupakwa nyingine.

Kuna ugonjwa mwingine unaonichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Kompyuta ikiwashwa inaonyesha kwamba leo ni Januari ya mwaka uliopita zamani. Mtumiaji akifungua intaneti anaambiwa kila tovuti si salama, akijaribu barua pepe anakataliwa. Mkuu wa idara anatamka kwamba mashine "imeingiliwa na virusi". Kumbe kilichokufa ni betri ndogo mfano wa sarafu, CR2032, inayolinda saa ya mashine wakati umeme haupo. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, hivyo kompyuta inayodhani iko miaka mingi nyuma lazima ivikatae vyote. Bei ya betri hiyo haifikii bei ya rimu moja ya karatasi. Nimeziona kompyuta zilizolala stoo mwaka mzima kwa sababu yake, katika shule ambayo wanafunzi walisoma somo la kompyuta ubaoni, kwa chaki.

Tuje kwenye uzito wa mashine, malalamiko makubwa kuliko yote. Kompyuta ya mwaka 2009 au 2010 yenye prosesa ya Core 2 Duo haikuwa nzito siku iliponunuliwa. Imezeeka diski yake, ambayo husoma data kwa sahani inayozunguka na mkono unaohangaika huku na huko, na imeelemewa na programu zilizonenepa. Ondoa diski hiyo, weka ya SSD, ongeza ram kutoka gigabaiti 2 hadi 4, kisha iwekee Linux nyepesi inayoendelea kupokea masasisho ya usalama. Atakayeitumia kuandika barua, kujaza jedwali la alama au kusoma vitabu hataona sababu ya kulalamika. Hoja ya usalama, ambayo maafisa wa TEHAMA huitanguliza na ambayo siipuuzi, inajibiwa hapohapo.

Wala lugha isiwe kisingizio. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Miongo miwili imepita, na katika shule ngapi za Morogoro mwalimu amewahi kulisikia jina hilo?

Sisemi kila kilichozeeka kiokolewe. Kompyuta za Pentium 4 zinakula umeme mwingi kwa kazi ndogo, na hata Debian, iliyosifika kwa kuzivumilia mashine za kale, katika toleo lake la 13 la mwaka 2025 imeacha kutoa kisakinishi cha mashine za biti 32. Ubao mama wenye kapasita zilizovimba na kuvuja, tatizo lililoenea katika mashine za miaka ya mwanzo ya 2000, unaweza kutengenezwa na mtu mwenye mkono mzuri wa kulehemu, lakini si kila mara inalipa. Vioo vya zamani vyenye mgongo vina risasi ndani yake. Hivyo vipelekwe kwa wenye kibali cha kushughulikia taka hizo, kama zinavyotaka kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, visitupwe korongoni. Ninachodai ni kwamba uamuzi huo ufanywe na mtu aliyeifungua mashine na kuitazama.

Hapo ndipo utaratibu wetu unapovuja. Kamati inayokagua vifaa chakavu huwa na mhasibu, mtu wa ugavi na mwenyekiti. Hutazama mwaka wa ununuzi, hupiga picha, husaini. Bisibisi haimo. Kisha mali huuzwa kwa mnada kama chuma, na wanaozinunua si wajinga: siku chache baadaye zinafutwa vumbi na kuuzwa tena dukani kama "used safi". Fundi wa mtaani, asiye na shahada, amegundua kwa nusu saa kile ambacho taasisi nzima haikutaka kukijua. Na tusidanganyane: ununuzi mpya una zabuni, una semina, una posho. Kubadilisha betri hakuna posho.

Nchi hii imewahi kuihukumu mashine badala ya mfumo. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta lilipoharibika, mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake ukapigwa marufuku. Wakati ule tulizizuia zisiingie. Leo tunaziingiza na kuzitupa. Katika nyakati zote mbili fungu la kumsomesha fundi limekuwa la mwisho mezani.

Ninyi mnaosoma TEHAMA vyuoni mnaweza kuhitimu bila kuwahi kuifungua kompyuta hata moja. Ulizeni kwa nini. Ninyi watumishi wa halmashauri, hakuna sheria inayowazuia kumwita mwalimu wa VETA na wanafunzi wake waikague stoo kabla kamati haijasaini. Kila mashine iandikiwe ugonjwa wake: betri, vumbi, diski, pawasaplai, ubao. Itakayoandikiwa "ubao" na ife. Zilizobaki zirudishwe darasani kabla muhula haujaisha, na orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, ili mzazi aliyeuza gunia la mpunga kulipa michango ajue kilichokuwa kimefungiwa stoo.