Injini za Mlima wa Makambako

Mwezi wa Septemba, 1976, Reli ya TAZARA ilikuwa mpya na fahari ya mataifa mawili. Mwezi wa Septemba, 2024, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua. Huku Visiwani wako walioipokea habari hiyo kama jambo la Bara. Sivyo hata kidogo. Mchele wa Mbeya, viazi na maharage ya nyanda za juu huteremshwa kwa malori hadi Dar es Salaam, kisha huvuka bahari, na gharama yote ya uchukuzi huishia mfukoni mwa mnunuzi wa Darajani. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza injini zinazoagizwa kwa reli hiyo ziwe za namna gani.

Haukupita muda mrefu baada ya reli hiyo ya kilomita 1,860 kufunguliwa ikadhihirika kwamba injini zake za kwanza hazikuwa na uwezo wa kutosha kupandisha mizigo mizito kati ya Mlimba na Makambako. Katika miaka ya 1980 zikaletwa injini za dizeli-umeme zenye nguvu zaidi. Mtu aweza kudhani, basi, kwamba dawa ni kuongeza nguvu za farasi tu. Hiyo ni nusu ya hesabu.

Injini huvuta kwa kadiri magurudumu yake yanavyoishika reli. Chuma hukutana na chuma mahali padogo mfano wa sarafu. Tuchukue injini ya tani 120, ekseli zake zote 6 zikiendeshwa. Reli ikiwa kavu, yaweza kutegemewa kuvuta kwa robo ya uzito wake, yaani tani 30. Mlima ukipanda mita 2 katika kila mita 100, kila tani ya treni hudai mvuto wa kilo 20, na kilo 3 hivi zaidi za kuyaviringisha magurudumu. Treni nzima, pamoja na injini yenyewe, haiwezi kuzidi tani 1,300. Yakianguka manyunyu, mshiko ukashuka hadi asilimia 12, treni hiyo haifiki hata tani 630. Nguvu za farasi zina kazi yake, nayo ni kuupandisha mzigo kwa mwendo wa kufaa. Lakini gurudumu likikosa mshiko litazunguka pale pale, na reli italika.

Tumesema manyunyu kwa makusudi. Mvua kubwa huosha reli. Manyunyu huchanganyika na vumbi na mafuta yakawa utelezi mtupu. Dawa yake ya zamani ni mchanga unaomwagwa mbele ya gurudumu. Sisi tuliozungukwa na mchanga twaweza kulicheka jambo hili, lakini mchanga wenye chumvi hunyonya unyevu ukaziba bomba. Unaotakiwa ni mchanga uliochekechwa na kukaushwa, na mtu wa kuujaza kila siku. Injini za kisasa zina mitambo inayohisi gurudumu linapoanza kuteleza na kupunguza nguvu papo hapo, nayo husaidia sana, ila haikaushi mchanga.

Wala injini haiwezi kufanywa nzito ovyo, kwani uzito wa kila ekseli hubebwa na reli, mataruma na madaraja ya tangu miaka ya 1970. Ndiyo sababu tunawaomba wakuu wanaohusika, pande zote mbili za bahari, waitazame njia na injini kwa pamoja. Mkataba utaje tani ambazo injini moja itapandisha Makambako reli ikiwa imelowa. Tanuri za kukaushia mchanga ziwekwe Mlimba kabla injini hazijafika. Na majaribio ya makabidhiano yafanyike huko huko mlimani, msimu wa mvua, mabehewa yakiwa yamejaa, si katika tambarare ya Dar es Salaam mbele ya wapiga picha.