Karanga za Mlandege na siri ya mtoto wa mtu

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nimerudi na hasira.

Juzi jioni natoka chuo, nikashuka Mlandege kununua karanga. Nimezimaliza, macho yakaangukia ile karatasi. Fomu ya usajili wa mwanafunzi! Jina kamili, mtaa anaokaa, nambari ya simu ya mamake, na chini pameandikwa kuwa ana pumu. Muuza karanga hana kosa, karatasi ni karatasi. Mwenye kosa ni skuli iliyoiachia itoke. Siitaji.

Mtaniambia sheria ipo. Kweli, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Lakini isomeni pale mwanzo: kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Elimu ya juu ni ya Muungano, skuli za msingi na sekondari si za Muungano, na afya vile vile. Yaani mie mtu mzima wa chuo nakingwa, mtoto wa darasa la nne ndo yuko nje! Nambari ya mamake ikiwa kwa kampuni ya simu ina mlinzi, maana posta na simu ni Muungano. Ikiwa kwenye kabati la mwalimu mkuu, Tume haina la kusema.

Msinifahamu vibaya, sitaki Bara waje kutusimamia skuli zetu. Mamlaka yetu tumeyapigania miaka nenda rudi. Basi tuyatumie! Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 15, inalinda faragha ya mtu. Kuipa haki hiyo meno ndani ya skuli na hospitali zetu ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, si ya Dodoma. Wenzetu Kenya, kwa sheria yao ya 2019, mwaka 2023 waliitoza skuli moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za kwao kwa kutoa picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi. Picha tu!

Kuna wanaosema "kama huna baya unaficha nini?" Yakhe, pumu si baya. Lakini anayemjua mtoto kwa jina, anajua kwao na maradhi yake, anaweza kumpigia mamake saa nne asubuhi: "Mwanao kazidiwa, tuma pesa haraka." Mama gani atauliza mara mbili?

Na mie si malaika. Kwenye field mwaka jana nilirusha alama za darasa zima kwenye grupu la wazazi, na majina yao. Hakuna aliyenifunza kuwa ni vibaya, na hilo nalo ni tatizo, sisi ndo walimu wa kesho.

Ile karatasi nimeitia moto. Zilizobaki kwenye kapu la karanga sijui ngapi.

Nawasilisha. Semeni na nyie, ila msitaje majina ya watu!