Timu ni Mali ya Nani?

Oklahoma City Thunder walipotwaa ubingwa wa mpira wa vikapu wa Marekani mwaka 2025, mimi niliukumbuka mji wa Seattle. Huko ndiko klabu hiyo ilikozaliwa mwaka 1967 kwa jina la SuperSonics, na mwaka 1979 ikauletea mji huo ubingwa.

Mwaka 2006 iliuzwa kwa matajiri wa Oklahoma kwa dola milioni 350. Hao walitaka ukumbi mpya ujengwe kwa fedha za umma. Bunge la jimbo halikukubali. Mwaka 2008 timu ikahamishwa, mkataba wa ukumbi ukiwa umebakiza miaka 2. Mji ulilipwa dola milioni 45 na kuachiwa jina na rangi.

Wako watakaosema kwamba mnunuzi ana haki ya kuhama na chake. Sikatai, ndivyo sheria isemavyo. Wala siwalaumu wabunge, kwani kodi ya mwananchi si ya kumbembelezea tajiri. Kosa lilitendeka siku ya kuuza, pasipo sharti la kuwafunga wanunuzi wasihame. Shabiki asiye na hisa husikika uwanjani tu. Wahenga hawakukosea: mwenye kisu ndiye alaye nyama.