Ua Usiende na Mvua



Hapa Kisangani mwezi wa Septemba hauhitaji kutangazwa. Mvua yenyewe hubisha hodi juu ya mabati, nayo huendelea kwa nguvu hata Novemba. Asubuhi, mvua ikiisha kukatika, tokeni nje mkayatazame maji yapitayo mferejini. Yana rangi ya udongo. Udongo ule ni ua wenu, uendao zake mtoni, wala hautarudi.

Tufanye hesabu kidogo, wanafunzi watatusaidia. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila meta mraba. Ua wa meta 10 kwa 10, ukinyeshewa milimita 40 usiku mmoja, umepokea lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Na mji wetu hupata zaidi ya milimita 1,500 kila mwaka. Juu ya udongo mtupu, matone hupiga kama nyundo ndogo, yakaziba vitundu vya ardhi. Maji yasipopata pa kuingia hukimbia, na kuchukua udongo pamoja nayo. Ndivyo misingi ya nyumba inavyofichuka. Ndivyo na korongo linavyoanza: kwa mfereji usiozidi upana wa kidole.

Dawa yake ni majani mafupi, yale tuyaitayo pasipalumu. Lakini twajua maneno yasemwayo barazani.

«Bibi, mwaka huu tupande majani uani.»

«Mjukuu wangu, ua wenye majani ni ua wa mvivu. Nyoka atalala wapi, kama si humo? Na mbu je?»

Bibi tusimcheke. Zamani kijiji kilihama baada ya miaka kadhaa, kikifuata mashamba mapya. Udongo uliofagiwa ukaenda haukumdhuru mtu, kwa maana na nyumba nayo ilikwenda. Leo nyumba ni ya matofali, na kiwanja ni kile kile mpaka kwa wajukuu. Nyumba isiyohama yataka udongo usiohama.

Kwa habari ya nyoka, asemayo Bibi ni kweli juu ya majani marefu, mafupi hayamfichi. Kwa habari ya mbu, mbu wa malaria hazaliwi katika majani. Hutaga mayai majini, na hupenda sana vidimbwi vidogo vipigwavyo na jua, kama vile vinavyobaki katika mashimo ya ua mtupu.

Basi tutengenezeje ua ulioharibika?

Kwanza, ng'oeni magugu pamoja na mizizi yake. Pili, lainisheni kwa jembe mahali palipokanyagwa pakawa pagumu. Tatu, jazeni mashimo. Chukueni udongo uliotuama chini ya mtelemko, mkaurudishe juu, mkiuchanganya na takataka za jikoni zilizooza vizuri.

Nne, pandeni baada ya mvua, udongo ungali na unyevu. Ulaya hununua mbegu, wakazimwaga mwezi huu huu wa Septemba ili zishike kabla ya baridi. Sisi hatuna baridi ya kuogopa, wala hatuhitaji kununua mbegu. Mwombeni jirani vichipukizi vyenye mizizi. Vipangeni kwa mistari inayokingama na mtelemko, umbali wa shibiri moja, mkashindilie kwa mguu. Mistari ikishuka pamoja na mtelemko, mmeyachimbia maji njia.

Watoto wasichezee hapo mpaka majani yashike. Mkiyakata, acheni urefu wa vidole vitatu. Akatae hata udongoni hurudisha ua mtupu. Chini ya mwembe wenye kivuli kizito majani hayaoti vema. Hapo acheni majani makavu yaifunike ardhi. Na pale maji ya paa yanapodondokea, wekeni mawe au vipande vya matofali.

Enyi wanafunzi, kazi yenu ni hii: pigeni kigingi uani, mkatie alama pale kinapokutana na udongo. Mwishoni mwa Novemba kitazameni tena. Alama ikiwa imebaki juu, mtakuwa mmepima kwa macho yenu udongo uliopotea.

Na Bibi? Mwachieni sehemu mbele ya mlango, na nyingine karibu na jiko, pasipo majani. Hapo afagie kila alfajiri kama alivyofundishwa na mama yake, na mgeni aone kwamba nyumba ina mwenyewe. Lakini pengine pote mfagio upumzike, majani yafanye kazi yake. Mvua ya leo jioni haitangoja.