NISHANI NI DENI LETU, SI MTAJI WA KURA

*TAARIFA YA UONGOZI WA TAWI*
*Kwa: wanachama wote, mabalozi wa mashina na viongozi wa jumuiya*

Ndugu wanachama,





Siku hizi za kuelekea chaguzi za ndani, picha ya mzee wetu mmoja, ofisa mstaafu wa JWTZ, imezunguka sana kwenye makundi yetu ya simu. Amevaa sare, na kifua kimejaa nishani. Baadhi yenu mmeandika chini yake, "Huyu ndiye kiongozi, mnataka ushahidi gani tena?" Wengine mmejibu, "Vyuma vya kifuani havilimi mpunga." Tumeona tusinyamaze, kwa sababu pande zote mbili zimekosea, na mzee mwenyewe hakumtuma mtu.

*Kwanza, tujue tunachokitazama.*

Nishani za kijeshi hazinunuliwi, na mtu hajitungii. Hutolewa kwa mamlaka ya Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Hupangwa kwa cheo chake, na ile ya juu kabisa hukaa upande wa vifungo vya koti. Anayejua kuzisoma husoma maisha ya mtu. Ipo Nishani ya Utumishi Mrefu kwa ofisa aliyekaa kazini miaka mingi bila doa. Ipo ya Utumishi Uliotukuka. Ipo ya Vita vya Kagera. Na aliyelinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, akitimiza siku 90 kwenye misheni, hupewa medali ya Umoja huo. Kwa hiyo anayeita vitu hivyo "vyuma" anadharau miaka ya mwenzake aliyokaa mbali na mke, watoto na shamba.

*Pili, zilipatikana kwa niaba ya nani?*

Tangu tuingie mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, askari haruhusiwi kuwa mwanachama wa chama chochote cha siasa. Katiba yetu, Ibara ya 147, inamwachia haki ya kupiga kura tu. Maana yake, ofisa aliyeingia jeshini baada ya hapo hana nishani hata moja aliyoipata akiwa na kadi mfukoni. Wazee wa Kagera walitumikia enzi ya chama kimoja, ni kweli. Lakini majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, hayakuuliza kadi ya mtu. Na waliokwenda kuyarudisha hadi Kampala ikaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, walitoka kila kona ya nchi: wanajeshi, JKT, polisi, magereza na mgambo. Nishani ile ni ya Watanzania wote. Tukiibandika kwenye kampeni ya kundi letu, tunachukua mali ya wote na kuifanya ya wachache.

*Tatu, sisi wa ziwani tuna sababu ya pekee ya kulielewa hili.*

Mnakumbuka mwaka 2012, maneno ya mpaka wa Ziwa Nyasa yalipopamba moto kati yetu na Malawi. Wavuvi wetu waliishi na hofu. Mwaka uliofuata, 2013, Baraza la Usalama liliunda kikosi cha kuingilia kati kule mashariki mwa Kongo, na nchi zilizopeleka askari zilikuwa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi hiyohiyo. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, jina ambalo mtu wa huku akilisikia tu anainua kichwa. Kabla mwaka haujaisha, M23 walikuwa wameshindwa. Yeye baadaye akawa Luteni Jenerali na Mnadhimu Mkuu wa jeshi letu.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu pale Semuliki ilivamiwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa usiku mmoja. Novemba 2018, karibu na Beni, askari wa Malawi na wa Tanzania walikuwa pamoja kwenye operesheni dhidi ya waasi wa ADF. Koplo wetu, Ali Khamis Omary, alijeruhiwa vibaya, akawa hawezi kusogea, risasi zikiendelea kumiminika. Askari wa Malawi, Chancy Chitete, alimvuta hadi mahali pa usalama na kuanza kumtibu. Akiwa katika kumwokoa, yeye mwenyewe alipigwa risasi na kufa. Mtanzania akapona.

Mei 2019, Umoja wa Mataifa ulimtunuku Chitete nishani yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyekufa Rwanda mwaka 1994 baada ya kuokoa mamia ya watu. Aliyeipokea mikononi ni mjane wake.

Tulitafakari hilo, ndugu. Sisi tunaovuka Songwe kwenda Karonga kuuza mchele na kusalimia wajomba, tuna deni kwa mtu ambaye hakuwa raia wetu, hakuwa wa chama chetu, wala hakuwa hata na cheo cha koplo. Je, nishani ile tungeiombea kura ya nani?

*Nne, kuhusu uongozi.*

Ofisa mstaafu ni mwananchi kama sisi. Akitaka kugombea, achukue fomu, asimame, aulizwe. Aeleze atafanya nini kuhusu mikopo ya vikundi, bei ya kakao, barabara za mashambani zinazokatika masika. Uzoefu wa kuongoza watu ni sifa, autaje. Lakini nishani ni jibu la kazi iliyokwisha kufanyika, haiwezi kujibu swali la kazi ambayo haijaanza. Na mgombea asiyewahi kuvaa sare asionekane nusu mtu kwa sababu hiyo.

*Kwa hiyo tawi linaelekeza yafuatayo:*

1. Picha za wastaafu wakiwa na sare na nishani zisitumike kumfanyia mtu kampeni, wala kumkejeli mtu, kwenye makundi yote ya tawi. Wasimamizi wa makundi wazifute.

2. Kila balozi aorodheshe wastaafu wa jeshi na mgambo waliokwenda vitani katika shina lake, pamoja na wajane. Wenye nishani na wasio nazo, wote. Wapo waliobeba maboksi ya risasi hadi Uganda na hawakurudi na utepe.

3. Vijana wawili kwa kila shina wawatembelee, wawasikilize na kuandika wanayosimulia. Wazee wa 1978 wanazidi kupungua, na hadithi ikizikwa haifukuliwi.

4. Familia zenye nishani ya marehemu ziitunze pamoja na karatasi zake. Msiiuze, msiwape watoto kuchezea.

5. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tutawaalika wazee hawa wakae mbele, bila kuulizwa chama. Atakayeleta ya chama kingine siku hiyo, apishwe kiti vilevile.

Kuna watakaosema tunajinyima kura. Tunawajibu: kura ya kuazima heshima ya mtu mwingine hailipiki. Tukamtendee mstaafu haki yake kwanza, kura tutaziomba kwa kazi yetu wenyewe.



*Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Kyela*
_Mwanachama ukishasoma, msomee na jirani asiye na simu._